Nani Kaigusa Excel?

Jirani, wewe una daftari moja na kalamu moja. Mteja akikopa sigara unaandika, akilipa unakata mstari, maisha yanaendelea. Shukuru Mungu. Sisi ofisini kwetu hapa Tabora tuna Excel ya pamoja. Ya pamoja, unanielewa? Watu wote mnaingia humo kwa mpigo, kila mtu na laptopu yake, kila mtu na kidole chake. Dada wa uhasibu yumo. Karani wa ghala yumo. Bosi naye yumo, halafu haongei, unaona tu kijisanduku chenye jina lake kimetua kwenye mstari wako. Unaandika huku jasho linakutoka. Kufuta unaogopa, maana utaonekana unafuta.

Na kazi yenyewe ni asali tu. Tunanunua kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua huko, inakuja kwenye ndoo, tunapima, tunalipa. Kolamu ya jina, kolamu ya simu, kolamu ya ndoo, ya bei, ya jumla. Basi! Bibi yangu angeimaliza kazi hiyo kwa kuchora mistari ukutani na mkaa. Lakini sisi tumeendelea. Ndiyo maana kila asubuhi ofisini hatuulizani tena habari za nyumbani. Swali la kwanza ni moja: nani kaigusa Excel?

Wakishauliza wananitazama mimi. Sijui kwa nini. Labda nina sura ya kugusa.

Chukua mambo ya simu. Namba ya simu ya Mtanzania inaanza na sifuri, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikaandika sifuri yangu vizuri, nikabonyeza enta. Sifuri hiyo ikaondoka. Nikairudisha, ikaondoka tena. Nikaweka sifuri mbili, ili moja ikikimbia ibaki nyingine. Zikakimbia zote! Siku ya malipo hela haziendi, namba hazitambuliki, na wazee wa Urambo wanampigia nani? Mimi. "Kijana, asali mmeshaila, hela iko wapi?" Akaitwa kijana wa kompyuta. Akasema Excel inadhani hiyo ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, inatupwa. Eti unatakiwa utangulize kialama kama koma, ila cha juu, hapo mashine inajua haya ni maandishi, inakaa kimya. Akaniuliza, "Mzee, hukujua?" Aliniuliza mbele ya mwanafunzi wa fildi. Mwanafunzi wa fildi alikuwa anajua.

Kwenye kolamu ya ndoo nikaandika "12 ndoo". Mtu mwenye adabu zake haandiki 12 halafu akanyamaza. 12 nini? Mbuzi? Pembeni kwenye jumla ikatokea #VALUE!, herufi kubwa tupu na alama ya mshangao. Mama yangu mzazi hajawahi kunifokea hivyo. Kumbe ukichanganya namba na neno, mashine inashindwa kuzidisha. Na ukiiambia ijumlishe, hapo ndiyo ina roho mbaya zaidi, haifoki kabisa. Inairuka ile seli kimyakimya na kukupa jumla pungufu, safi, haina doa. Unaisaini.

Halafu kulikuwa na kolamu moja imekaa tu upande wa kulia, vinamba vinamba, hakuna anayeniambia ni vya nini. Nikaifuta. Usafi ni nusu ya imani. Pale pale jedwali zima likajaa #REF!, juu mpaka chini. Kumbe bei zote zilikuwa zinachotwa humo. Sasa si mngeandika? Nikaifunga laptopu taratibu nikaenda kunywa chai. Niliporudi dada wa uhasibu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hata shikamoo yake ya kila siku hakunipa.

Lakini hayo yote ni utani ukilinganisha na habari ya robo tatu.

Mzee mmoja wa Sikonge alileta asali, ndoo haikujaa. Robo tatu. Mimi shule nilisoma, robo tatu inaandikwa 3/4. Nikaandika 3/4. Enta. Excel ikaandika tarehe 4 Machi. Laptopu zetu zimesetiwa Kimarekani, na Marekani mwezi unatangulia siku. Nikasema sawa, nimechoka kubishana, mzee kaleta asali ya Machi. Nikasogea mstari unaofuata.

Jirani, kaa vizuri. Ndani ya ile mashine tarehe siyo tarehe, ni namba. Inahesabu siku kuanzia mwaka 1900, moja, mbili, tatu, mpaka leo. Tarehe 4 Machi 2025 kwa hesabu yake ni 45,720. Kwa hiyo kolamu ya jumla ikachukua ndoo 45,720, ikazidisha kwa bei. Tukisema ndoo moja ni laki moja, mzee wa Sikonge anatudai 4,572,000,000. Bilioni nne na nusu na chenji! Kwa ndoo isiyojaa! Bosi akaitisha kikao. Akauliza ni mizinga gani hiyo. Karani wa ghala akaapa kwa marehemu baba yake kwamba ndoo elfu arobaini hazijapita mlangoni kwake. Dada wa uhasibu akafungua ile historia ya faili, ambayo inamtaja kila aliyebadilisha kitu, na saa aliyobadilisha. Ikanitaja mimi. Mimi niliandika robo tatu, mashine ikasoma Machi, na anayetajwa ni mimi. Hii ndiyo dunia tunayoishi.

Kijana wa kompyuta akajaribu kunitetea. Akasema hata wanasayansi wakubwa yamewakuta. Kuna jeni za binadamu zilikuwa zinaitwa MARCH1 na SEPT1, wakiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe, utafiti unaharibika. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaona isiwe taabu, ikayabadilisha majina ya jeni. Mwaka huo huo Uingereza majibu ya corona karibu 16,000 hayakufika kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu faili la aina ya zamani mwisho wake ni mistari 65,536, iliyozidi ikaachwa nje. Nikapata nguvu. Nikamwambia bosi, umesikia? Akasema amesikia. Wale wamebadilishiwa majina ya jeni. Mimi nikaambiwa nibadilishe tabia.

Basi nikataka kujisafisha. Bosi anapenda ripoti ienee karatasi moja. Nikazibana kolamu zote mpaka zikaenea. Nikaprinti, nikampelekea kwa mikono miwili. Kila palipokuwa na hela pana alama za reli, ######, mstari baada ya mstari. Kumbe kolamu ikiwa nyembamba namba haionekani, yanatandazwa mataruma. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mimi nimeimaliza kabla ya saa nne ya chai. Bosi akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza treni inapita saa ngapi. Watu wakacheka. Mwanafunzi wa fildi alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Jirani, mimi nimezaliwa kwenye mji wa mizigo. Hapa Unyanyembe ndipo misafara ilipokuwa inakutana, ya kutoka Bagamoyo, ya kwenda Ujiji, ya kupanda Karagwe na Buganda. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba, pembe kushuka pwani, nguo na shanga na nyaya za shaba kupanda bara. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushee. Kilichonivutia ni hiki: kila kichwa na mzigo wake. Ukipotea, kirangozi wa msafara anajua nani wa kumuuliza. Utaniambia hata enzi hizo watu walipigwa. Kweli. Livingstone alifika Ujiji mwaka 1871 yu hoi, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na yule yule aliyekabidhiwa kumpelekea. Lakini mwizi alijulikana. Stanley akaja kumsaidia Livingstone, wakarudi wote mpaka Kwihara, hapo nje ya mji, Februari 1872, na mzee akakaa akingoja wapagazi mpaka Agosti. Miezi yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyemwambia arifreshi ukurasa.

Kwenye Excel ya pamoja mizigo inahama vichwa watu wakiwa wamekaa kwenye viti. Ukurasa wa pili wa faili lile lile ni mikopo ya watumishi. Mimi nilikuwa nadaiwa elfu thelathini, hela ya sikukuu. Kuna mtu akaona majina yamekaa ovyo, akayapanga kwa alfabeti. Akapanga kolamu ya majina peke yake. Majina yakahama, madeni yakabaki yalipokuwa! Excel huwa inauliza kabla, nipange na kolamu za pembeni au hii tu, lakini inauliza kwa Kiingereza kirefu, na binadamu akiona swali refu anabonyeza lolote liondoke. Sasa hivi jina langu limekaa mbele ya laki nane ya pikipiki ya karani wa ghala. Karani anadaiwa elfu thelathini na amenenepa. Dada wa uhasibu ameitazama historia, anasema ni jina langu tena. Nimemweleza kwamba laptopu huwa naiacha wazi nikienda chai, na tena majina kukaa kwa alfabeti ndiyo ustaarabu. Hajanijibu.

Wamenipunguzia mamlaka. Naingia kwenye faili, naona kila kitu, sigusi kitu. Nalisoma deni la pikipiki nisiyoipanda, jina langu limeandikwa vizuri, herufi kubwa mwanzoni, na kidole hakifanyi kazi. Pale juu kuna kitufe cha kuomba ruhusa ya kuhariri. Nikakibonyeza. Maombi hayaendi kwa bosi, wala kwa dada wa uhasibu. Yanaenda kwa mwanafunzi wa fildi, ndiye wamempa funguo. Akaja mpaka mezani kwangu, ana miaka ishirini, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Unataka kugusa nini?"

Marahaba, nikamwambia, nataka kurudisha pikipiki ya watu. Akasema niandike barua, na kwenye barua nisiweke robo.