Kongole kwa Ulimi Mzito

Wasemaji hodari wamesifiwa vya kutosha. Ulimi mzito wa msanii haujatungiwa hata shairi, ilhali ndio unaolisha watu wengi kuliko mkono wake.

Pita Mwenge, Dar es Salaam, kwenye mabanda ya vinyago. Fundi amekaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo, tupa inakwenda na kurudi, vumbi jeusi limemjaa magotini. Mgeni anauliza hiki chenye jicho moja na mdomo tumboni ni kitu gani.

"Shetani."

Shetani gani?

"Shetani tu, bosi."

Tupa inaendelea. Hapo ndipo muuzaji anapopata riziki. Kufika mezani kwake, shetani yule ameshapewa ukoo, mto anaoishi na kazi ya kuwalinda wajawazito. Bei nayo imepanda. Fundi mwenye maneno angeharibu biashara. Pengine angesema kweli: gogo lilikuwa na ufa, akaona heri augeuze mdomo.

Edward Saidi Tingatinga naye aliwaachia wenzake kazi kubwa. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Polisi waliomdhania mhalifu walipomuua kwa risasi mwaka 1972, alikuwa na miaka kama minne tu katika fani. Maelezo yamechukua zaidi ya nusu karne na hayajaisha: huyu anaona michoro ya kuta za nyumba za kusini, yule anaona picha za Wakongo zilizouzwa mjini, mwingine anaona mfuko wa mtalii. Shahada zimepatikana humo. Hata makala za magazeti, tusijisahau.

Mshairi Euphrase Kezilahabi alinyimwa baraka hii. Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Alipotoa diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, alieleza mwenyewe katika utangulizi kwamba analeta lugha ya mazungumzo ya kila siku. Maelezo safi, yanaeleweka. Wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, hawakutulia, na ugomvi wao na wanausasa umewafuata wanafunzi wa sekondari hadi kwenye chumba cha mtihani.

Siku hizi waandaaji wa maonyesho hudai ukurasa wa maelezo kutoka kwa mchoraji. Wenye ndimi nzito humwendea rafiki aliyesoma fasihi, wakamlipia chakula cha mchana. Ndiyo maana picha tatu zisizofanana hata rangi huweza kuwa na aya ileile.

Lakini bingwa wa fani hii ni Samuel Beckett. Mwongozaji Alan Schneider alipomuuliza Godot wa mchezo wake *Waiting for Godot* ni nani, alijibu kwamba angemjua, angemtaja humo humo mchezoni. Basi walioutangaza Miami mwaka 1956 wakajazia wenyewe: kichekesho kilichovunja mbavu mabara mawili! Watu wakaja kucheka, wakakuta wanaume wawili waliochakaa wakingoja chini ya mti, na wengi wakaondoka wakati wa mapumziko. Inasimuliwa kwamba madereva wa teksi walishika ratiba upesi: sehemu ya kwanza ikikaribia kwisha, magari yalikuwa yameshajipanga nje ya ukumbi.