Koti la Mlango wa Nyuma

Niliambiwa koti la kimono halihitaji fundi. Ni mistatili tu: mmoja wa mwili, miwili ya mikono, na utepe wa shingoni. Halina zipu, halina vifungo, wala kwapa la kuzungusha. Aliyeelewa hisabati ya darasa la sita analimaliza Jumamosi moja na bado anapata muda wa kusukuma chapati. Mimi hiyo hisabati ndiyo ninayoifundisha.

Kitambaa nilikuwa nacho: mita tatu za sufu ya rangi ya majivu, zawadi ya dada yangu kutoka Nanyuki, ambako akina mama wanasokota na kufuma kwa mikono. Kilikaa kabatini miaka miwili kikisubiri tukio la maana. Tukio likawa Julai ya Kitengela, ule upepo wa asubuhi unaotoka upande wa mbuga na kumfanya mtu aongee na mkono mdomoni.

Kitambaa cha kiwandani ukikikata hutulia. Cha mkono kikiguswa na mkasi huanza kutafuta njia ya kurudi kuwa uzi. Dawa yake ni kupiga mshono pembeni kabla ya kukata, na nililijua hilo baada ya kukata. Nilipochomoa uzi mmoja uliokuwa ukining'inia ili kuweka mambo sawa, ulinifuata mpaka jikoni.

Lakini huo ulikuwa utangulizi. Nilikikunja kitambaa begani, nikachora mstari wa chaki katikati ya kifua, kutoka shingoni hadi kwenye pindo, hapo ambapo koti litafunguka. Mstari ulinyooka nikaufurahia. Nikashika mkasi, nikakata bila kusita, safu zote mbili kwa pamoja. Nilipolivaa lilifunguka mbele kama nilivyopanga. Kisha nikahisi ule upepo wa mbuga mgongoni.

Jirani yangu alinikuta nimesimama uani hivyo hivyo.

"Mwalimu," akasema, "hilo ni koti ama ni aproni mbili?"

Yeye anafanya kazi EPZ ya Athi River, kwenye viwanda vinavyoshona jinzi za kupelekwa Marekani. Nikaona nimeokoka: fundi kamili, mlango wa pili. Akanielewesha taratibu kama mgonjwa. Kazi yake kwa miaka sita ni mfuko wa nyuma wa kulia. Wa kushoto una mwenyewe, zipu ina mwenyewe, na mwenye mkanda anakaa upande ule mwingine wa laini, hawajawahi hata kusalimiana. Suruali nzima hajaishona maishani mwake.

Hata hivyo alikaa kwenye cherehani ya marehemu mama yangu, akakanyaga, akaunganisha ule mgongo kwa dakika nne. Halafu, bila kuombwa, akakata kipande kilichobaki akanibandikia mfuko. Upande wa kulia. Uzi wa rangi ya machungwa, mistari miwili sambamba isiyopishana hata kidogo, kona zimekazwa kiasi kwamba ungeweza kubebea mawe.

Mikono nilishona mwenyewe. Tuseme tu kwamba mmoja ulihitaji kufumuliwa kwa sababu mishono ilikuwa nje, na wa pili kwa sababu niliushona kwenye mfuko.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Wajapani hufuma kitambaa cha kimono kikiwa chembamba, upana wa sentimita 36 hivi, kwa hiyo mgongo hulazimika kuunganishwa vipande viwili katikati. Kumbe kimono halisi ina mshono mgongoni! Tangu siku hiyo, kila anayeuliza namwambia nilikusudia.

Mwezi wa nane nililivaa kwenda harusini Kajiado mjini. Mjomba wa bwana harusi, mzee aliyejitanda shuka nyekundu isiyo na mshono hata mmoja, alinivuta karibu akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua kwa muda mrefu.

"Nani alikifuma?"

"Akina mama wa Nanyuki, mzee."

"Wanajua kazi." Akanizunguka polepole, akatazama mgongo, akatazama mikono, akarudi mbele. "Na ni nani alikikata?"

Nikamwonyesha mfuko.