Hesabu ya Soda Moja

Hakuna fedheha ya mezani inayochelewa kupoa kama ile ya mlaji aliyeagiza chipsi kavu na soda, kisha akalipia sehemu ya sita ya mbuzi ambaye hakumwonja, kwa sababu tu mwenzake wa upande wa pili, mafuta yakiwa bado yanamng'aa midomoni, alitamka kwa ukarimu mkubwa kwamba bili igawanywe sawa kwa sawa. Kugawana sawa kwa sawa ni kuigawa jumla kwa idadi ya vichwa bila kuuliza kila kinywa kilipitisha nini, nako ni tofauti na kila mtu kulipa chake, utaratibu wenye haki zaidi ambao, kwa bahati mbaya, humfanya anayeupendekeza aonekane mchoyo papo hapo.

Chanzo cha balaa hili si ulafi bali ni hesabu yenyewe. Mwaka 2004 watafiti Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika mkahawani mjini Haifa, Israeli, ambako walaji waliketishwa sita sita: waliojilipia wenyewe walitumia wastani wa shekeli 37.3 kila mmoja, waliogawana sawa wakafikia 50.9, na walioambiwa kwamba watafiti ndio watakaolipa wakapanda hadi 82.3, kiwango kinachoonyesha kuwa njaa ya binadamu husoma kwanza jina la mlipaji. Sababu ya waliogawana sawa kutumia zaidi inavutia kwa namna ya kusikitisha, kwani katika meza ya watu sita kinywaji cha shilingi 6,000 humgharimu mnywaji 1,000 tu, huku 5,000 zikibebwa na wenzake, na kwa kuwa kila mmoja anaiona nafuu hiyo hiyo kwa wakati mmoja, wote huagiza kuliko walivyokusudia, na asiyeagiza hubaki kuwa mfadhili wa meza.

Ufadhili huo ulimwangukia mlaji mmoja, anayefahamika vyema kwa mwandishi wa makala haya, kwenye baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, tarehe 23 ya mwezi, wakati ambapo mshahara uliopita umekuwa historia na ujao bado ni uvumi. Alikuwa ametumia shilingi 4,500. Bili ya watu sita ilikuwa 150,000. Fungu lake likawa 25,000. Kama kwamba hayo hayakutosha, simu yake ndiyo pekee iliyokuwa na salio la kutosha, kwa kuwa ilihifadhi kodi ya nyumba, hivyo akailipa bili yote kwa Lipa Namba, yaani namba ambayo mfanyabiashara hupokelea malipo ya simu, akiahidiwa kurudishiwa na wenzake. Watatu walituma bila "ya kutolea", yaani nyongeza ya kufidia makato ambayo mpokeaji hukatwa anapotoa fedha kwa wakala. Wa nne alituma 20,000 akidai kwamba kachumbari hakuigusa. Wa tano aliahidi kutuma akifika nyumbani.

Ziko aibu nyingine, kama ya aliyesema "twendeni tukale" akachukuliwa kuwa ndiye aliyealika, au ya anayetoka kupokea simu mara mhudumu anapoleta bili, lakini hizo zimezoeleka.

Kisichostahili kuzoeleka ni kwamba asiyenacho hawezi kusema hakunywa bia bila kutangaza umaskini wake mbele ya mhudumu, na asiyekunywa kwa ajili ya dini hawezi kusema bila kuonekana anahubiri, kwa hiyo wote wawili huwalipia wenye mishahara minono vinywaji vyao, na uporaji huo wa adabu huitwa urafiki.

Aliyeahidi kutuma akifika nyumbani bado hajafika, ingawa anaishi Sinza hiyo hiyo, nyuma ya baa.