Mpemba na Utafiti wa Kiangazi

Utafiti wa kiangazi ni kazi ya wiki kadhaa, aghalabu baina ya Juni na Agosti, anayopewa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara ya chuo cha nje. Kwa Mpemba, mkorogano huanzia kwenye kalenda. Juni kisiwani ni kipupwe, na watu wanavuta shuka hadi masikioni. Maombi nayo hufungwa mwisho wa mwaka au mwanzoni mwake, msimu wa karafuu, ambapo nyumba nzima imekaa jamvini kuchambua makonyo. Insha ya mapenzi ya sayansi huandikwa kwa vidole vinavyonuka karafuu, tena kabla umeme haujakatika.

Kabla ya insha ni vyema kusoma masharti, jambo ambalo wengi hulifanya baada yake. Nafasi za REU, mpango wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unaolipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa Marekani, ni za raia na wakaazi wa kudumu. Mpemba anayesoma Ohio kwa viza ya mwanafunzi hazimhusu. RISE, mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, huangalia chuo badala ya pasipoti: anayesoma Toronto anakaribishwa, binamu yake wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hapana, ingawa wamelelewa ua mmoja na yule wa SUZA ndiye aliyekuwa akimfundisha mwenzake hesabu. Wasiobagua uraia wala chuo ni kama vyuo vya OIST, Okinawa ya Japani, na KAUST, Saudi Arabia, na hawa hulipia nauli na malazi. KAUST iko Thuwal, kaskazini ya Jiddah. Habari hiyo ikifika Wete, mwombaji ambaye hata fomu hajafungua huwa keshaagizwa zamzam na nusu ya mtaa.

Fomu yenyewe hutaka jina la ukoo. Mpemba ana jina lake, la baba na la babu, basi. Kwa hiyo anayeandikiwa barua zote ni marehemu babu, tena kwa heshima kubwa. Anwani ya mtaa na namba ya nyumba ni mtihani mwengine. "Nyuma ya msikiti, ulizia kwa Bi Asha" ni maelezo yasiyompoteza mtu Micheweni, lakini kompyuta huyakataa.

Barua pepe kwa profesa huharibiwa na adabu. Aliyelelewa vizuri haombi kitu kabla ya kujua hali, kwa hiyo aya ya kwanza humuulizia profesa afya, ya pili watoto, ya tatu mvua za huko. Ombi liko aya ya nne. Profesa aliishia ya pili. Dawa ni kuanza na shida, hata kama mkono unatetemeka kwa aibu.

Profesa akijibu, akataja mahojiano saa 9:00 za Zurich, hapo ndipo wengi huzama. Katika majira yao ya baridi, hiyo ni saa tano asubuhi Pemba. Mwombaji hukaa mbele ya kamera saa tisa alasiri, kanzu imepigwa pasi, saa nne baada ya miadi, profesa keshakwenda zake.

Aliyekubaliwa hubakiwa na viza. Balozi ziko Dar es Salaam, yaani boti mpaka Unguja, boti nyengine, kisha foleni. Ubalozi hutaka ushahidi kwamba atarudi. Mali ya familia ni mikarafuu katika eka tatu walizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mkarafuu hauna taarifa ya benki.

Kinachosahauliwa katika pilikapilika zote hizo ni Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Pale pana maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa vimelea wa Italia. Minyoo na kichocho cha watoto wa shule za Pemba vimeandikwa katika majarida makubwa ya tiba duniani, na wageni huvuka bahari kuja kuvichunguza. Mwombaji aliyejitolea pale likizo moja ana la kumwambia profesa wa Basel. Aliyekosa nafasi zote naye huenda akajikuta akimpeleka mwanafunzi wa Ulaya, aliyepata yake, nyumba kwa nyumba kukusanya vikopo vya choo, na kumweleza kila bibi kwamba mgeni huyu amesafiri masafa yote hayo kwa ajili ya hicho hicho.