Gari Si Linakwenda Tupu?

Mdogo wangu alikuwa amepanga vizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye, mambo yalipoharibika, wapo ndugu waliosema hakujipanga, na huo si ukweli. Mpango mzima wa fungate ulikuwa kwenye kaunta buku, kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa kubana. Kushoto aliandika mahali pa kulala, kulia kilomita na saa ya kufika. Chini ya kila siku alipiga mstari kwa rula na kuandika maneno yale yale: kabla ya giza.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Jumatatu yake watoke Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijaanza, wapite Chalinze na Morogoro, wakalale Mikumi siku mbili. Barabara kuu pale inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, twiga na pundamilia unawaona ukiwa ndani ya gari lako, na pembeni kuna vibao vya faini kwa atakayemgonga mnyama. Lakini yeye alitaka siku nzima nyingine ya kwenda milima ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje, ambako maji yanashuka mita 170 katikati ya msitu. Wifi yangu ni mwalimu wa jiografia. Ameyafundisha maporomoko hayo ubaoni na alikuwa hajawahi kuyaona.

Kutoka hapo Iringa, siku mbili tena. Isimila, kwenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Halafu usiku mmoja Mbeya, wamsalimie bibi yetu Tukuyu, na mwisho Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakae hapo mpaka ruhusa za kazini zikaribie kwisha. Zaidi ya kilomita 900 kwenda tu, lakini hakuna siku aliyojipangia kuendesha zaidi ya saa saba. Nyumba za kulala wageni za Mikumi na Iringa alishazilipia kianzio.

Kosa lililotokea ni kwamba kaunta buku ilibaki juu ya meza ya chakula, na mama akaisoma.

Mama hakukasirika. Alifurahi sana, na furaha yake ndiyo iliyoanzisha yote. Akapiga simu Morogoro kwa baba mdogo kumwambia watoto watapita kwake. Akapiga Ilula kwa shangazi. Akampigia bibi Tukuyu. Kufikia kikao cha mwisho cha kamati ya harusi, safari ile ilikuwa imeingia kwenye ajenda, chini ya Mengineyo, baada ya taarifa ya mweka hazina kuhusu ahadi ambazo hazijalipwa. Nilikuwapo. Baba mdogo aliwekwa kwenye spika ya simu, sauti ikajaa sebuleni.

"Haiwezekani mke wa mwanangu apite Morogoro kama mpita njia. Hata chakula cha mchana tu?"

Nani wa kumjibu baba mdogo? Akakubaliwa. Shangazi naye akasema Ilula iko barabarani kabisa, wala hawatapinda popote. Kisha dada yangu akakumbusha kwamba mwanawe amepangiwa kidato cha tano shule ya bweni huko Mafinga, siku ya kuripoti ni wiki ile ile, na nauli ya basi pamoja na mizigo si hela ndogo. Mama akasema maneno niliyoyasikia tangu nikiwa mtoto, kila ndugu anapopata usafiri:

"Gari si linakwenda tupu?"

Nilisimama nikasema linakwenda na watu wawili, na hao wawili wanatosha. Niliwaambia kwamba tangu siku ya posa mpaka siku ile, watoto hawa hawajawahi kukaa peke yao: kulikuwa na vikao vya mahari, kitchen party, send-off, wapambaji, wapiga picha, wasimamizi. Kila jambo lao lilipigiwa kura na watu. Hizo siku za barabarani ndizo za kwanza watakazoamua wenyewe waamke saa ngapi. Mama alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mwanangu, ndugu si mzigo." Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi akiitazama kaunta buku yake. Alimpenda mama kiasi cha kutoweza kukataa mbele za watu.

Asubuhi ya Jumatatu nilifika nyumbani kuwaaga, nikakuta gari dogo lile limezungukwa. Tranka la mpwa wetu, la bati, la bluu, jina na namba ya shule vimeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, halikuingia kwenye buti kwa sababu buti lilikuwa na mfuko wa sukari wa kilo 25 wa bibi na sufuria kubwa la shughuli la shangazi, na ndani ya sufuria mablanketi mawili. Tranka likapandishwa kwenye keria pamoja na godoro la futi mbili na nusu lililokunjwa, vikafungwa kwa kamba ya katani. Kamba ikalegea, ikafungwa upya. Ndoo na fagio la mwanafunzi vikawekwa kiti cha nyuma, na yeye mwenyewe akaingia baada yake, magoti kifuani. Sanduku la bibi harusi, lile alilonunuliwa kwa ajili ya safari hiyo, likakaa miguuni pake mbele, na yeye akakunja miguu juu yake. Hina bado ilikuwa nyekundu hadi kwenye vifundo. Hakusema neno. Alinishika mkono dirishani na kuuminya.

Wakaomba dua, wakatoka. Saa nne asubuhi, jua limeshapanda.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa wifi na kwa mpwa wangu, na wote wawili wanayasimulia sawa. Saa nane na nusu walikuwa Morogoro. Chakula cha mchana cha baba mdogo kilikuwa pilau, majirani, wazee wanne wa kutoa nasaha, na zawadi ya mikungu ya ndizi. Walipoinuka ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Mdogo wangu akatazama jua, akakataa kuendelea. Hapo namsifu: kuingia Mikumi gizani, tembo na nyati wakivuka barabara na malori yakikuwashia taa za mbele, si jambo la kujaribu ukiwa na mke na mtoto wa mtu garini. Wakalala kwa baba mdogo. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni, mama mdogo akampanga bibi harusi chumba cha wasichana, kitanda kimoja na binti wa darasa la sita, na bwana harusi sebuleni kwenye mkeka pamoja na mpwa wake. Chumba chao cha Mikumi, kilicholipiwa kianzio, kililala tupu usiku ule. Udzungwa ikafutwa ili kufidia siku.

Siku ya pili walipita hifadhi asubuhi bila kusimama, wakapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na vitunguu vilivyopangwa barabarani, wakafika chini ya Kitonga. Anayeijua barabara ya Iringa anaujua mlima huo: barabara nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza. Lori moja likikata roho kwenye kona, mlima mzima unafunga. Siku hiyo lilikata roho. Walikaa pale tangu kabla ya adhuhuri hadi jioni, injini imezimwa, vijana wakipita dirishani kuuza maji na mahindi ya kuchoma. Mpango wa kwanza ulikuwa na nafasi kwa jambo kama hilo, maana kutoka Mikumi hadi Iringa ni mwendo wa asubuhi moja. Mpango wa kamati haukuwa nayo. Shangazi alipiga simu kila baada ya muda kuuliza wamefika wapi, kuku wameshachinjwa. Wakalala Ilula. Safari hii mpangilio wa vyumba ulikuwa mzuri zaidi, namshukuru shangazi, ila ukuta ulikuwa wa mbao na mpwa yuko upande wa pili akikohoa. Kianzio cha Iringa nacho kikaenda. Isimila na Kalenga waliziona kwenye vibao tu.

Siku ya tatu walimfikisha mpwa shuleni Mafinga. Wifi mwenyewe ndiye aliyemsaidia kufungua tranka mbele ya mwalimu wa zamu, akamtandikia godoro, akampa hela ya matumizi. Mpwa anasema mjomba wake na mke wake waliondoka wamenyamaza kabisa, akadhani wamegombana.

Hawakugombana. Walinyamaza hadi Makambako. Pale barabara inagawanyika: ya kulia inaendelea Mbeya, ya kushoto inashuka Njombe na Songea. Simu ikaita, alikuwa binamu mmoja wa Makambako hapo hapo, amesikia kwa mama kwamba wanapita, ameshawasha jiko. Mdogo wangu akasimamisha gari pembeni. Wifi akauliza:

"Hii barabara ya Songea, mume wangu, ina ndugu yako yeyote?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Basi tupinde. Ziwa ni lile lile."

Mwalimu wa jiografia alikuwa sahihi. Ziwa Nyasa liko Kyela na liko Mbamba Bay, na siku hizi lami inafika huko kupitia Songea na Mbinga. Walikwenda kwa binamu, wakanywa chai wakiwa wamesimama, wakapeleka sukari na mablanketi kwenye basi la Mbeya lililokuwa linapakia abiria. Kondakta aliandika jina la bibi kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko. Kesho yake sukari ilikuwa Tukuyu, na bibi akapiga simu kwa mama kusema ndaga fijo, asante sana, na kwamba wajukuu waje Desemba wakishazoeana.

Wao walilala Njombe, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba inayokufanya ulale na soksi. Siku iliyofuata, baada ya Mbinga, wifi aliomba gari lisimame ili ashuke kutazama ngoro za Wamatengo: miteremko mikali iliyochimbwa vishimo vya mraba, kimoja baada ya kingine hadi kileleni, nyasi zimefukiwa kwenye matuta, maji ya mvua yanatulia humo na udongo hauendi popote. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa na jembe begani maswali mpaka yakaisha. Hakuna aliyekuwa anawasubiri mahali popote. Jioni walikula mbasa wa kuchoma Mbamba Bay, jua likizama upande wa Malawi, na wakakaa hapo hadi walipotaka wenyewe kuondoka.

Mama aliumia, na sikumlaumu. Alikuwa na haki ya kutaka ukoo umwone mkwe wake. Lakini haki hiyo ilikuwa na Krismasi, ilikuwa na Pasaka, ilikuwa na miaka yote iliyobaki. Tumezungumza mimi na yeye jikoni bila mtu mwingine, na alichoniuliza mwisho ni kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba mabasi ya Mbeya yanabeba vifurushi kila siku kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nimempeleka akaone.

Wewe mwenye kijana anayeoa msimu huu na anayetaka kwenda fungate kwa gari: mchangie mafuta, muulize kama tairi la akiba lina upepo, kisha usiulize atalala wapi. Sukari ya bibi ipeleke stendi.