Barua Iliyobangulia Korosho

Mama mkwe wangu hakusoma, na ile karatasi niliikunja mara nne nikaiweka chini ya kopo la chumvi, kwa kuwa sanduku lilikuwa limeingiwa na mchwa. Asubuhi ile kuni zilikuwa na umande, naye ana korosho za kubangua. Niliporudi kuteka maji moto ulikuwa umeshakolea, mafuta ya maganda yanarukaruka kwenye debe lililotobolewa, moshi umetanda mpaka mwembeni. Akaniita, "Mkwe, njoo uonje." Nikaketi, tukala pamoja. Jioni baba watoto alipouliza barua iko wapi, niliinua kopo, chini hamna kitu.

Ilikuwa barua yake ya kuachishwa kazi. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya kandarasi, hukuhuku Madimba, Mtwara. Bomba la gesi linaloanzia kwetu lilizinduliwa Oktoba 2015 na gesi yake inafika Dar es Salaam, lakini kazi za makandarasi huja na kuondoka. Yeye alidumu miezi 22, kwa mshahara wa shilingi 450,000. Kandarasi ikaisha, akapewa ukurasa mmoja wenye mhuri.

Kijijini, anayeachishwa kazi huambiwa, "Kachukue chako NSSF." Wanamaanisha fao la kujitoa la mfuko huo wa hifadhi ya jamii, pale mtu alipokuwa anabeba michango yake yote na kuondoka. Baba watoto naye aliamini hivyo, akamwahidi mjomba wake kwamba fedha zikitoka watanunua mashua. Kwetu Wamakonde ahadi kwa mjomba haichezewi. Mjomba alikuwa ameshamwona fundi na kuchagua mbao.

Tulipofika ofisini mjini Mtwara ndipo tukaelezwa. Sheria ya mwaka 2018 iliondoa kujitoa, ikaweka fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi, kwa miezi sita. Mwanachama awe amechangia miezi 18 au zaidi, awe hajafika miaka 55, na awe hakuacha kazi kwa hiari yake. Michango inayobaki inasubiri uzee, na pensheni yenyewe inataka miezi 180. Baba watoto alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilijua anaiona mashua inazama.

Kisha akaulizwa barua. Mama mkwe, aliyekataa katakata kubaki nyumbani, akasimama. "Mwanangu, mimi ndiye niliyeichoma. Niapisheni mimi." Sauti ilikuwa inamtetemeka. Yule kijana wa dirishani akamsogezea kiti, akamwambia, "Bibi, kaa kwanza," akatueleza polepole kwamba bila barua hakuna kinachoonyesha kama mtu ameachishwa au ameondoka mwenyewe. Tupate nakala kwa mwajiri.

Hapo ndipo palipo na uchungu wangu mpaka leo. Mwajiri alikuwa ameshang'oa kambi. Anayekuachisha kazi ndiye unayemrudia kumwomba karatasi ya kuthibitisha kwamba amekuachisha, naye hana tena haja na wewe. Tulipiga simu wiki tatu. Nauli ya kwenda mjini ilikuwa inatoka kwenye genge langu la dagaa na nazi, na siku mbili tulilala na ming'oko tu. Nakala ikaja hatimaye kwenye simu ya jirani, tukaichapisha kwenye duka la steshenari.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe kwenye mtandao wa NSSF michango iliyoonekana ni ya miezi 14. Mshahara wake ulikatwa kila mwezi, asilimia kumi yake, na mwajiri alitakiwa kuongeza kumi yake na kuziwasilisha zote. Miezi minane haikufika. Kwa miezi 14 mtu haingii kwenye malipo ya miezi sita. Utaratibu wake ni mwingine na fedha ni kidogo. Baba watoto alitoka nje akasimama kwenye jua.

Mimi nikakumbuka daftari langu. Sina daftari la dukani. Madeni ya genge nayaandika nyuma ya slipu zake za mshahara, kwa vile ni karatasi nzuri, nikazitunga kwa uzi. Zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari jikoni, mbali na mikono ya mama mkwe. Nilizipeleka zote 22. Mbele makato ya NSSF, nyuma dagaa fungu mbili, nazi moja, chumvi, atalipa mnada wa korosho. Kijana akazigeuza moja moja, akarudia tena, akaita mkubwa wake. Wakatoa nakala, wakaanza kumfuatilia mwajiri.

Ilichukua miezi mpaka michango iliyokosekana ikaingia. Katikati ya hapo baba watoto alikwenda kwa mjomba peke yake, usiku. Sikuuliza walichozungumza. Mbao ziliuzwa, na mjomba bado anakuja kula kwetu Ijumaa.

Siku ujumbe wa kwanza wa malipo ulipoingia, shilingi 149,850, nilikuwa napaa samaki. Nilimsomea mama mkwe mara mbili. Akanyamaza, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Tangu hapo hawashi moto kwa karatasi kabla sijaiona. Hata gazeti lililofungiwa maandazi huniletea, amelinyoosha kwa viganja, ananisubiri ninawe mikono. "Mkwe, na hii inasemaje?"