Namna ya Kuvuruga Mradi kutoka Arua hadi Koboko

Ukitaka urafiki wa fundi wa programu aliyeko Arua na mwenzake wa Koboko uvunjike bila kugombania mpaka wala mahari, usihangaike na matusi. Mtumie folda ya .idea.

Anza vizuri, ili wakushangae baadaye. Tuseme mnatengeneza programu ya simu ya kuandikisha watoto wanaochanjwa. Utaandika mafaili mawili mafupi, settings.gradle na build.gradle, yanayoeleza mradi una sehemu zipi na unategemea maktaba gani. Android Studio itayasoma na kujichorea ramani: folda ipi ina msimbo, ipi ina majaribio, maktaba zimelala wapi kwenye diski. Ramani hiyo huiweka ndani ya .idea. Ukiifuta, itachora nyingine, kwa sababu kila inachohitaji kimo ndani ya yale mafaili mawili. Hapo mtu mwenye akili timamu angejua kipi cha kutunza na kipi cha kutupa. Wewe itunze ramani.

Itunze na kuirekebisha kwa mkono. Hili ndilo somo lenyewe, nalo halichagui lugha ya programu. Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006, ambao juu yake imejengwa UgandaEMR ya vituo vyetu vya afya. Huo hujengwa kwa Maven, na mahitaji yake yote huandikwa kwenye pom.xml. Siku ukikosa maktaba moja, usiiguse pom.xml hata kidogo. Fungua dirisha la muundo wa mradi ndani ya IntelliJ, ndugu yake Android Studio, bandika jar ya maktaba hiyo hapo. Programu itakuonya kwamba sehemu hii imetoka kwa Maven, na ulichobadilisha huenda kikapotea mradi ukisomwa upya. Onyo hilo waliandikiwa wengine. Mistari myekundu itatoweka mara moja, utaegemea kiti, utaagiza chai. Kwamba Maven yenyewe, ukiiita kutoka kwenye dirisha la amri, bado haiijui hiyo jar, ni habari atakayoipata mwenzako saa nne usiku.

Wanaoandika C++ wasidhani wameokoka. CMake ilizaliwa katika kampuni ya Kitware mwaka 2000, wakati wa kutengeneza ITK, maktaba ya kuchambua picha za kitabibu. Kundi lile lilikuwa na wa Windows na wa Unix, kila mmoja na chombo chake, na hakuna aliyetaka kutunza mafaili ya mradi ya jirani. Basi wakaandika maelezo mara moja, CMakeLists.txt, na CMake ikamtolea kila mmoja mafaili yanayomfaa: huyu ya Visual Studio, yule ya Makefile. Dawa nzuri kabisa. Kuiharibu, nakili folda nzima ya build kwenye flashi na uipeleke Koboko. Ndani yake mna CMakeCache.txt inayokumbuka ilizaliwa folda gani, nayo ikijikuta pengine hukataa kazi, kama mgeni aliyefika mpakani Oraba na hati ya jina la mtu mwingine. Na kama mwenzako ana Visual Studio, mhimize aifute ZERO_CHECK, kile kipengele kisichoeleweka ambacho kazi yake ni kutazama kama CMakeLists.txt imebadilika na kuyatoa mafaili upya. Mlinzi asiyejulikana ni wa nini ndiye wa kwanza kufukuzwa.

Tukirudi kwenye programu ya chanjo, jambo likigoma, futa ~/.gradle yote, folda ambamo Gradle huhifadhi maktaba. Wazee wa kazi huliita tendo hilo kusafisha. Maktaba zilizopakuliwa kwa wiki nzima zitaanza kushuka upya, na bando la asubuhi litakwisha kabla ya adhuhuri. Usimwambie mtu kwamba Gradle hukubali --offline na kutumia kilichokwisha kupakuliwa. Wauza bando nao wana watoto.

Imebaki local.properties. Faili hili hutaja SDK ya Android imekaa wapi kwenye kompyuta yako tu, na Android Studio huliandikia juu kabisa kwamba lisiingizwe kwenye Git. Mimi nililiingiza. Kesho yake simu ikalia kutoka Koboko.

"Kaka, kompyuta yangu inatafuta nyumba yako."

"Nyumba ipi?"

"Imeandikwa /home/mwalimu. Hapa kwangu hakuna mwalimu."

Zamani nilifundisha, na laptopu ilibaki na jina hilo. Badala ya kuliondoa faili na kumwacha atengeneze lake, nikamjibu kama mtu mwenye hekima: "Tengeneza basi folda ya jina hilo, dada, yaishe." Akatengeneza. Akahamishia SDK yake humo, mradi ukafunguka, tukapongezana.

Mwezi uliopita nilinunua laptopu nyingine. Ikaniuliza jina, nikaandika fundi, maana ualimu niliuacha. Tangu hapo mradi huu haufunguki Arua. Unafunguka Koboko tu, kwa mwalimu. Nikiwa na haraka napanda teksi, kilomita 50 na ushee, na dada yule hunikaribisha chai na kunisogezea kiti mbele ya nyumba yangu.